Mstari Mwekundu wa Naftaly Irungu

Kitanda cha Naftaly Irungu hakivunjiki. Hilo hata wanaomchukia pale mtaani Lucky Summer, Nairobi, wanalikubali. Kuna familia iliyohama nyumba tano na kitanda kimoja cha Irungu, na hakijawahi kulia hata mara moja, jambo ambalo huwezi kusema juu ya waliokilalia. Tatizo ni kwamba vitanda vyake huzaliwa kama punda, mimba ya mwaka mzima. Ukiweka oda ukiwa bwana harusi, utakichukua ukiwa baba wa wawili, na mkubwa wao ndiye atakayekusaidia kubeba.

Ana miaka hamsini na miwili. Kumi na mmoja kati ya hiyo aliimaliza kwenye geti la kiwanda kimoja cha plastiki upande wa Baba Dogo. Sikusema ndani ya kiwanda. Nimesema kwenye geti. Saa kumi na moja alfajiri wanaume mia mbili husimama pale, msimamizi hutoka na kikombe chake cha chai, na kwa kidole kimoja huchagua thelathini: wewe, na wewe, na yule mrefu. Irungu si mrefu. Alikuwa na jiwe lake la kusimamia. Siku moja akakuta mtu mrefu amelisimamia lile jiwe, akaona kwamba maisha yana ujumbe, akaondoka, akaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Tangu hapo haogopi polisi, haogopi kanjo, wale askari wa jiji, haogopi hata mama mkwe. Anaogopa kile kidole tu.

Na mwaka huu kidole kilikuwa kimeanza kumnyooshea tena. Tangu Mei kibanda chake hakikupata oda kubwa, watu walikuwa wamechoka kusubiri punda ajifungue. Msimamizi wa zamani alikutana naye njiani akamwambia kwa upole uliomuumiza kuliko tusi: "Irungu, nafasi yako bado iko. Wewe njoo tu getini."

Hapo ndipo elimu ilipomkuta.

Shirika moja lenye jina refu kuliko mradi wake lilileta mafunzo ya jioni katika ukumbi wa kanisa. Usimamizi wa Miradi kwa Mafundi na Wafanyabiashara Wadogo. Wiki sita, soda kila jioni, cheti mwishoni. Wengi walifuata soda na wakaipata, wakaenda nyumbani salama. Irungu alifuata somo, kwa hivyo yeye peke yake ndiye aliyeumia.

Mwalimu aliitwa Griffins, kijana wa mtaa wa Ziwani aliyemaliza chuo kikuu, kosa ambalo wengine wetu tuliliepuka kwa kutoka mapema. Wiki ya nne alichora maduara na mishale ubaoni, akasema hivi: andika kila kazi ya mradi wako. Andika inachukua siku ngapi. Andika ni kazi gani lazima iishe ndipo hiyo ianze. Kisha tafuta njia iliyo ndefu kuliko zote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo njia muhimu. Kazi iliyo kwenye njia hiyo ikichelewa siku moja, mradi wote umechelewa siku moja. Kazi zilizo nje ya njia hiyo zina nafasi. Zinaweza kulegea siku mbili tatu na hakuna kitakachoharibika.

Irungu aliacha soda yake ikae hadi ikapata joto. Miaka yote hiyo alikuwa amekimbilia kila kitu kwa usawa, akapiga kelele kwa kila mtu kwa usawa, na kwa hivyo akachelewa kwa usawa. Kumbe kuna kazi za kukimbiliwa na kazi za kuachwa zilale.

Wiki ya sita ilikuwa iitwe Kurekebisha Mpango. Haikufundishwa. Fedha za mradi ziliisha wiki ya tano, na kwa kuwa vyeti vilikuwa vimeshachapishwa, kila mtu alipewa chake, pamoja na jamaa mmoja aliyekuwa amepita tu kuchukua mwavuli.

Nyumbani alimweleza mkewe, Lydiah, ambaye huuza sufuria ukingoni mwa mtaa wa Majengo na hurudi jioni na miguu iliyovimba. Lydiah alisikiliza huku akichambua maharagwe.

"Yaani," akasema, "unaanza na kitu kinachokawia kuiva."

"Si rahisi hivyo, mama Tiffany. Ni njia ya kisayansi."

"Maharagwe yakiwa jikoni ndiyo nakata vitunguu. Sikati vitunguu kwanza halafu nikae nikiyaangalia maharagwe. Na hiyo mmefundishwa wiki tano?"

"Wiki sita," Irungu akasema, akiutazama mlango.

Agosti ilipoanza ikaja oda. Mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya jiji, alikuwa akijenga bweni jipya. Anaitwa Madam Perez, mwanamke mnene wa sauti ndogo, wa aina ile ambayo haijawahi kuhitaji kubwa. Alifika kibandani mwenyewe, akapanda kitanda cha maonyesho na viatu vyake, akarukaruka mara mbili, akashuka.

"Nataka vya ghorofa, arobaini," akasema. "Wasichana themanini. Shule inafunguliwa Jumatatu, tarehe ishirini na nne Agosti. Saa nne asubuhi vitanda viwe kwangu."

"Vitakuwa, Madam."

"Nimesikia habari zako. Vitanda vizuri, tarehe za uongo. Ukifika siku hiyo, kuna bweni la pili, na madawati, na kila kitu cha chuma katika shule hiyo ni chako mpaka nistaafu. Usipofika, usije kabisa. Hata kuniomba msamaha usije."

Irungu alihesabu. Ukitoa Jumapili, alikuwa na siku kumi na sita.

Fundi mwingine angenunua vyuma jioni ile. Irungu alinunua rangi. Alichukua bati zima jipya, akaliegemeza kwenye ukuta wa kibanda, akachora mpango wake kwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, ambayo ikikauka hata mvua ya El Niño haiitoi. Kununua vyuma siku moja. Kukata siku tatu. Kuchomelea fremu siku saba. Rangi ya kwanza siku mbili, rangi ya pili siku mbili. Kusafirisha na kuunganisha siku moja. Jumla kumi na sita, bila nafasi hata ya kupiga chafya. Akaunganisha hayo kwa mstari mwekundu mnene kama mkono. Pembeni, kwa rangi ya kijani, akaweka kazi nyepesi: ngazi za kupandia vitanda vya juu, siku tatu, nafasi siku nne. Mbao za kulalia, siku tano, nafasi siku kumi.

Ilikuwa kazi safi. Watu walisimama kuitazama wakidhani ni tangazo la mkutano wa injili.

Alhamisi, siku ya kwanza, aliwakusanya mafundi wake mbele ya lile bati. Walikuwa wanne. Wanyonyi, fundi wa kuchomelea kutoka Chwele, Bungoma, mkono wake mtulivu kama wa daktari. Bwire wa Busia, anayekata vyuma na kutengeneza ngazi. Millicent wa rangi, mwenye brashi ya kasi na mdomo wa kasi zaidi. Na seremala, Ng'ang'a, mzee wa kanisa, rika moja na Irungu na mtu wa kwao Murang'a, ambaye karakana yake iko nyuma ya kibanda.

Irungu alieleza kila kitu. Alieleza vizuri mno. Hilo ndilo lililomponza.

"Kwa hivyo huo mwekundu ni wangu," Wanyonyi akasema.

"Sehemu kubwa ni yako. Siku saba. Ukichelewa wewe, tumekwisha sote."

Wanyonyi alilitazama bati kwa muda, kama mtu aliyeona picha yake gazetini.

"Na mimi?" akauliza Bwire.

"Wewe ngazi. Una nafasi ya siku nne."

"Siku nne za nini?"

"Za kulegea. Unaweza kuchelewa siku nne na mpango usiguswe."

"Zinaanza lini?"

"Haziko hivyo, Bwire. Ni nafasi tu."

"Mkubwa, umeandika wewe mwenyewe. Na rangi ya mafuta."

Ng'ang'a hakuuliza swali. Alikwenda karibu na bati, akagusa ile namba kumi kwa kidole kuona kama imekauka, akatikisa kichwa kwa heshima, akarudi kwenye karakana kufunga mlango. Mama yake huko Murang'a alikuwa anahitaji jiko jipya kwa muda mrefu, na hakuwa amewahi kupewa likizo na bati.

"Wakini," akamwambia Irungu, kama marika wa kwao waitanavyo, alipopita na mkoba, "hii elimu ni nzuri. Mimi nilidhani itakuwa ya kutusumbua."

Siku tatu za kukata zilipita salama, kwa sababu Bwire alikuwa kwenye mstari mwekundu na aliogopa. Siku ya nne jioni alitoka kwenye mwekundu, akaingia kwenye kijani, na kesho yake akalala. Hakulala kwao. Alilala palepale kibandani, juu ya marobota ya matambara, ili kila mtu aone kwamba hakuna anachoficha.

"Bwire, amka," Irungu akamwambia.

"Hii ni ya kwanza. Zimebaki tatu."

Wanyonyi naye alikuwa amepanda cheo. Kwanza aliacha kukaa kwenye ndoo, akataka kiti chenye mgongo. Halafu chai yake ikawa lazima ije na yai. Ukimwambia asogee kidogo upite, alikuuliza: "Unataka kuchelewesha mradi?" Irungu alimletea kiti, akamletea yai, akamshikia mwavuli jua lilipokuwa kali. Tangu siku ya kwanza Irungu mwenyewe hakugusa chuma. Griffins alisema meneja husimamia. Basi alisimama, mikono nyuma, kalamu sikioni, akitembea kutoka kwa mwekundu hadi kwa kijani kama askari wa benki.

Maneno yale yakatoka kibandani yakaingia mtaani. Millicent alimwambia mumewe kwamba katika nyumba ile mume ni wa kijani. Kwenye kilabu cha jioni jamaa waliulizana, "Niaje, uko kwa njia ama una nafasi?" Mchungaji alihubiri juu ya njia muhimu iendayo mbinguni, akaongeza dakika arobaini zisizokuwa na umuhimu.

Alhamisi ya pili, siku ya saba ya mpango, fremu kumi na nane zilikuwa tayari. Wanyonyi alikuwa hata mbele ya ratiba kwa karibu fremu moja. Jioni alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka mfukoni.

"Mzee," Wanyonyi akasema, "tuonane Jumatano."

"Jumatano gani? Kesho ni Ijumaa."

"Kesho nasafiri. Mtoto wa dada yangu anaingia jando Jumapili."

"Si umtumie zawadi?"

Bwire alifungua jicho moja kule kwenye matambara. Hata Millicent alinyamaza, na hilo halijatokea tena.

"Mzee Irungu," Wanyonyi akasema taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa, "mimi ndiye khocha. Mjomba, upande wa mama. Siku moja kabla ya kisu, kijana anakuja kwangu, nyumbani kwangu, nachinja, namvika luliki, ule ukanda wa nyama ya kifua, hapa shingoni. Nisipokuwepo atavikwa na nani? Na wewe?"

"Hii kitu imejulikana lini?"

"Tangu azaliwe."

"Wanyonyi."

"Mwaka wa shufwa, mwezi wa nane. Kila Mbukusu hapa Nairobi anajua. Hata makondakta wanajua, nauli ya Bungoma inapanda yenyewe."

"Mbona hukuniambia siku ile, tukiwa mbele ya bati?"

"Uliniuliza kazi inachukua siku ngapi. Nikakuambia saba. Ni saba. Hukuniuliza nitakuwa wapi."

Irungu alitazama ile saba nyekundu, kubwa, inayong'aa, na ndani yake hapakuwa na Jumapili ya Chwele, wala dada, wala kijana anayekuja mbio asubuhi amepakwa matope ya mtoni huku umati ukiimba nyuma yake. Palikuwa na saba tu.

Alimpigia Griffins simu.

"Mwalimu, ile wiki ya sita. Ilikuwa inasemaje?"

"Nani huyu?"

"Irungu. Wa vitanda. Fundi wangu wa njia muhimu amekwenda jandoni."

Griffins alikuwa kwa mama yake Ziwani, akitafuta kazi kwa mwezi wa pili. Alivuta pumzi. "Wiki ya sita ilikuwa slaidi ndefu, mzee. Lakini kwa ufupi ilisema mpango ukigongana na mambo, unafuta, unachora upya. Na unaangalia vizuri, kwa sababu njia muhimu inaweza kuhama. Kazi iliyokuwa ya kijani inageuka nyekundu bila kukuambia."

"Kufuta?"

"Ndiyo. Si ulichora na chaki?"

Irungu alikata simu.

Lydiah alimkuta pale jua likitua, ameketi kwenye kile kiti chenye mgongo, akilitazama bati. Alikuwa bado na sufuria mbili mkononi zilizokosa mnunuzi. Alisikia habari yote kutoka kwa Millicent kabla hajafika, kwa hivyo hakuuliza kilichotokea. Alilisoma bati kutoka kushoto hadi kulia, duara kwa duara.

"Zimebaki fremu ngapi?"

"Ishirini na mbili. Na siku nne."

"Nani mwingine anajua kuchomelea?"

"Bwire anajua kidogo. Lakini Bwire ana ngazi."

"Bwire ana usingizi." Aliendelea kutafuta kwenye bati. "Baba Tiffany, wewe uko wapi hapa?"

"Vipi?"

"Kila mtu ana duara. Wanyonyi, Bwire, Millicent, mpaka lori lina duara. Lako sioni."

"Mimi ni meneja."

Lydiah aliweka sufuria chini. Alimtazama huyu mtu aliyekuwa amechomelea geti la kanisa, ngazi ya mnara wa maji na kitanda walichozalia watoto, na ambaye kwa siku saba alikuwa ameshika mwavuli.

"Nani alimfundisha Wanyonyi kuchomelea?" akauliza.

Wote wawili walijua jibu.

Asubuhi ya Ijumaa alivua kalamu sikioni. Ilimchukua fremu mbili mkono kurudi, na ya tatu ikatoka imenyooka kama sala fupi. Bwire aliamshwa na Lydiah mwenyewe, ambaye hakuwa amesoma kozi yoyote na kwa hivyo hakujua kwamba Bwire alikuwa na haki zake. Alianza ngazi siku hiyohiyo, na alipozimaliza Jumatatu akashika upande wa pili wa fremu. Jumanne jioni, siku ya kumi na moja, fremu ya arobaini ilisimamishwa ukutani. Wanyonyi aliporudi Jumatano na mguu wa mbuzi kwenye gazeti alikuta mtu mwingine kwenye kiti chake.

"Hamkuningoja?" akauliza, ameumia kidogo.

Mstari mwekundu ulikuwa umefuatwa hadi mwisho, siku kwa siku. Millicent alianza rangi. Irungu alitembea katikati ya fremu zake akiwa na macho mekundu ya moto na furaha. Kila mtu alimpongeza. Kwa siku kumi na moja alikuwa ameutazama mwekundu mchana kutwa, na kijani hakukitupia jicho.

Ng'ang'a alikuwa amerudi Jumatatu jioni, siku ya kumi, saa kumi na mbili unusu, amependeza, jiko la mama limeezekwa. Jumanne asubuhi akafungua karakana, akawasha msumeno, akakata mbao kumi na sita, sawasawa na mpango. Jumatano saa mbili asubuhi transfoma ya upande ule ikatoa moshi, na Lucky Summer nzima ikanyamaza.

Ilinyamaza Jumatano yote na Alhamisi yote. Rangi haihitaji umeme, kwa hivyo Millicent aliendelea kupaka na kuimba, na Irungu hakuukumbuka msumeno wa karakana. Aliingia karakana Ijumaa alasiri kuuliza kwa uchangamfu tu kama mbao zimeisha.

"Hii ni siku yangu ya pili," Ng'ang'a akasema juu ya kelele za msumeno.

"Siku ya pili ya nini?"

"Kati ya zile tano. Mbili zilikufa na umeme."

Irungu alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Mpaka Jumamosi usiku zingekuwa mbao arobaini na nane. Vitanda ishirini na vinne vya kulalia, na kumi na sita vya kutazama.

"Ng'ang'a, ungeanza mapema."

"Ulinipa siku kumi, nikatumia kumi. Ningetumia tisa, ungenishukuru?"

"Basi fanya kesho kutwa, Jumapili."

"Wakini." Ng'ang'a alizima msumeno kabisa, ili neno lake lisikike. "Umenipa siku kumi za kulala. Sasa unataka siku ya Bwana, ambayo haikuwa yako?"

Wanyonyi na Bwire walijaribu kukata mbao kwa mkono Jumamosi, kwa msumeno wa chuma, wakapata mbili, na moja ilikuwa na umbo la ramani ya Uganda.

Jumatatu saa nne kasorobo lori liliingia katika geti la shule. Irungu alikuwa mbele pamoja na dereva, amevaa koti lake la harusi, na njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya uongo. Fundi hahitaji mazoezi ya uongo, ni lugha yake ya kwanza. Mbao ziko njiani. Gari la pili limepata pancha. Mbao zinakauka, Madam, usalama wa watoto kwanza. Yote yalikuwa mazuri. Lakini kila alipofika mwisho wa sentensi aliona kikombe cha chai, na kidole, na wanaume mia mbili wakijinyoosha.

Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani na masanduku. Madam Perez alikuja kwa hatua zake fupi, akatazama saa, akatazama lori.

"Umefika," akasema. Ilionekana kama jambo hilo linamtatiza.

"Nimefika, Madam. Lakini kuna—"

"Njoo."

Alimpeleka nyuma ya jengo jipya. Mlango wa bweni ulikuwa wazi na ubao umewekwa kizingitini: USIKANYAGE. Ndani, kutoka ukuta hadi ukuta, sakafu ilikuwa ya saruji mbichi, nyeusi, inayong'aa kama kioo, na kuku mmoja alikuwa amekwisha kuandika jina lake juu yake. Mafundi wawili wa ujenzi walikuwa dirishani wakila mihogo.

"Wamemwaga jana jioni," Madam akasema. "Wiki moja ikauke. Wasichana watalala ukumbi wa kulia chakula mpaka Jumatatu ijayo."

Irungu alisimama na kofia mkononi. Akili yake, iliyokuwa imezoea maduara, ilianza kuchora yenyewe. Jengo, sakafu, kukauka, vitanda. Njia ndefu ya shule ile ilipita kwenye saruji. Yeye, na mashine yake, na macho yake mekundu, na Wanyonyi na kiti chake, na mchungaji, wote walikuwa wa kijani.

"Madam, ulijua lini kwamba sakafu itachelewa?"

"Kabla sijaja kwako."

"Kwa hivyo nilikuwa na nafasi. Wiki nzima."

"Ulikuwa nayo."

"Mbona hukuniambia?"

Madam Perez alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mwalimu aliyeulizwa kwa nini hakugawa majibu pamoja na mtihani. "Ningekuambia," akasema, "ungeitumia."

Halafu akageuka, akaenda kwenye lori, akaanza kuhesabu. Alihesabu fremu, akapiga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Alihesabu ngazi. Alihesabu mbao, akafika hamsini, akainua ile yenye umbo la Uganda, akaigeuza, akairudisha.

Ule uongo mzuri wote ulikuwa tayari kwenye ulimi wa Irungu.

"Zimepungua thelathini," akasema badala yake. "Thelathini na moja, ukitoa hiyo. Seremala nilimwambia ana siku kumi za kulegea, akalegea kumi."

Kisha Madam Perez alifanya kitu ambacho walimu wake wanasema hawajawahi kukiona tangu ahamishiwe pale. Alicheka, kwa sauti yake ndogo, mabega yote mawili yakitikisika.

"Ulimwambia," akasema.

"Nilimwandikia. Kwenye bati."

"Mungu wangu." Alijifuta jicho kwa kona ya leso. "Zilete Ijumaa. Bweni la pili, vitanda arobaini, mbao zikiwemo. Nataka Jumatatu, tarehe kumi na sita Novemba, saa nne."

"Shule itakuwa imefungwa Novemba hiyo, Madam."

"Nimesema tarehe kumi na sita."

Irungu alimtazama usoni, na yeye alimtazama, na hakuna hata mmoja aliyepepesa jicho. Irungu alisema ndiyo. Hakumwomba aione sakafu ya bweni la pili. Alijua kwamba hata msingi haujachimbwa.

Jioni ile alikwenda moja kwa moja nyuma ya kibanda. Ng'ang'a alikuwa amekaa kwenye benchi, akinoa randa, tayari kwa ugomvi.

"Tumepewa bweni la pili," Irungu akasema. "Vitanda arobaini. Nataka mbao zote themanini ifikapo tarehe thelathini Oktoba."

Ng'ang'a aliacha kunoa. Alimsoma rafiki yake taratibu, kutoka kofia hadi viatu, kama mzee wa kanisa anavyomsoma mtu aliyeshika sahani ya sadaka muda mrefu mno.

"Na nafasi yangu ni siku ngapi?"

"Huna nafasi."

"Hata moja?"

"Hata moja, wakini. Mambo ni magumu."

"Hmm," Ng'ang'a akasema. Alirudi kwenye randa yake. "Na mimi nitamwambia mwenye duka la mbao ni tarehe kumi."